Dawa ya kila siku isiwekwe kwenye meza ya diplomasia

Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuliipokea kama habari ya nyumbani, kwa kuwa huduma zetu za VVU zimetegemea, kwa sehemu, misaada hiyo. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 4.4 nchi nzima. Njombe ni 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Hakuna mikoa mingine Tanzania iliyoelemewa kiasi hicho.

Huku kwetu pia msaada na usalama vimekaa chumba kimoja. Walter Reed, taasisi ya utafiti wa tiba ya Jeshi la Marekani, imefanya kazi Mbeya tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Ulipokuja PEPFAR, mpango wa UKIMWI alioanzisha Rais George W. Bush mwaka 2003, sehemu kubwa ya fedha za Mbeya na Rukwa ilipitia Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Mama wa Kyela anayehudhuria CTC, kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, amehudumiwa, kwa sehemu, na bajeti ya jeshi la mbali.

Wanaoutetea uhusiano huu wana hoja nzito. Watu waliokuwa wanangoja kufa wapo shambani leo, wanasomesha watoto. Na kwamba Marekani ina maslahi yake, kutafiti chanjo itakayowalinda hata askari wake na kutomwachia China ukanda huu peke yake, si dhambi. Mwenye maslahi huwa na sababu ya kubaki.

Wanaoupinga wanauliza: mfadhili akikasirika je? Machi 2016 MCC, shirika la serikali ya Marekani la misaada ya maendeleo, lilisitisha awamu ya pili ya ushirikiano wetu, ya dola milioni 472, likitaja uchaguzi wa marudio Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Hawa hupenda kumkumbuka Mwalimu Nyerere mwaka 1965: Ujerumani Magharibi ilipoondoa msaada wa kijeshi kwa sababu ya uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki, aliitaka iondoe na misaada mingine yote. Nami naiheshimu sana hatua ile. Lakini mwaka 1965 hapakuwa na mgonjwa aliyehitaji kumeza kidonge kila usiku kwa fedha za Bonn, makao ya serikali ya Ujerumani Magharibi.

Hapo ndipo ninapoachana na pande zote mbili, kwa kuwa zote zinazungumzia msaada kana kwamba ni wa aina moja. Barabara ya Tunduma–Sumbawanga ilijengwa kwa fedha za awamu ya kwanza ya MCC, iliyokwisha 2013. Fedha za awamu ya pili ziliposita, lami haikung'olewa. Malori ya mahindi yanapita mpaka leo. Reli ya TAZARA, waliyoijenga Wachina kati ya 1970 na 1975, ingali inapita Makambako na Mbeya. Mfadhili akinuna, alichokwisha kujenga kinabaki. Dawa za kufubaza virusi haziko hivyo. Mgonjwa akizikosa, virusi huanza tena kuzaliana ndani ya wiki chache, na vinaweza kujenga usugu. Mwaka 2025 Marekani iliruhusu baadaye huduma za kuokoa maisha ziendelee, lakini wapo watumishi waliolipwa na miradi waliokuwa wamekwisha kuambiwa warudi nyumbani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: maabara, barabara na mafunzo tuendelee kuyapokea kutoka Washington, Beijing na kwingineko, kwa mikataba inayosomeka. Dawa, vipimo na mishahara ya wahudumu wa CTC tulipe wenyewe. Najua ni gharama kubwa, na shilingi itakayokwenda huko itapungua kwa wajawazito au kwenye malaria. Bado naona ni afadhali mvutano huo ufanyike Dodoma, ambako tuna wabunge wa kuwabana, kuliko kusubiri saini ya mtu tusiyempigia kura.

Bajeti ya 2025/26 ilianza njia hiyo kwa tozo mpya, za vileo zikiwemo, zinazochangia Mfuko wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Wabunge wa Njombe, Iringa, Mbeya na Songwe wadai hesabu yake hadharani: kiasi gani kimekusanywa, na kinatosha kununua dawa za miezi mingapi.