Kuuza parsele ili kutafuta kazi Ujerumani

Jumapili moja baada ya misa, dada yangu alitoa bahasha ya kaki kabatini, akaiweka mezani pale kwake Katuba. Ndani mna karatasi za parsele, yaani kiwanja, ambayo marehemu shemeji aliinunua mwaka 2004 kwa pesa alizopewa alipotoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka wakati ule, na hapa Lubumbashi watu wanakumbuka jinsi pesa zile zilivyoyeyuka. Za shemeji angalau ziliacha ardhi. Sasa mtoto wao wa pili, fundi wa elektromekanika mwenye miaka 31, anaomba ardhi hiyo iuzwe ili aende Ujerumani kwa viza ya kutafuta kazi. Dada alitaka niseme ndiyo au hapana. Siku ile nilishindwa. Nimekaa wiki kadhaa nikisoma masharti, na ninayaandika hapa kwa sababu bahasha ya namna hiyo iko katika kabati nyingi za mji huu.

Kwanza viza yenyewe. Tangu tarehe 1 Juni 2024 Ujerumani inatoa kibali kinachoitwa Chancenkarte, yaani kadi ya fursa. Mwenye taaluma anaruhusiwa kukaa kule hadi mwaka mmoja akitafuta kazi, bila kuwa na mwajiri tangu mwanzo. Nchi nyingine zina milango kama hiyo. Austria inatoa miezi 6 kwa wenye sifa za juu sana wanaofikisha alama 70 kati ya 100, na Uswidi inatoa kati ya miezi 3 na 9 kwa wenye digrii ya juu ya chuo kikuu. Kijana wetu ana digrii ya miaka mitatu ya taasisi ya ufundi, kwa hiyo kwake mlango ni Ujerumani.

Mlango huo una njia mbili. Ambaye cheti chake kimeonekana kuwa sawa kabisa na cha Kijerumani anapita bila kuhesabiwa alama. Mhandisi aliyemaliza miaka yake yote pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aanze kwa kuuliza hilo. Karatasi ya kulinganisha digrii inagharimu yuro 208, na inaweza kumwondolea mzigo mkubwa. Wengine, ambao cheti chao kinatambuliwa na serikali ya Kongo lakini hakijalingana na cha kule, lazima wafikishe alama 6.

Tulizihesabu pamoja, yeye na kalamu, mimi na miwani. Hajazidi miaka 35: alama 2. Amefanya kazi ya fani yake miaka minne ndani ya mitano ya mwisho: alama 2. Jumla nne. Taaluma yake haimo katika orodha ya zile zenye uhaba, hivyo hapo hapati kitu. Kiingereza chake ni cha kujadiliana bei na madereva wa malori pale mpakani Kasumbalesa. Hajawahi kufika Ujerumani. Kinachobaki ni Kijerumani: ngazi ya mwanzo, A2, inaleta alama 1, na ya kati, B1, inaleta 2. Maana yake bila B1 hakuna safari, hata parsele ingeuzwa kwa bei ya almasi. Alinyamaza kidogo, akaniambia, "Mjomba, mimi nilidhani shida ni pesa tu."

Pesa nazo ni shida, tena kubwa. Mwombaji anapaswa kuonyesha ataishije mwaka mzima, na kwa mwaka 2025 kiwango kilikuwa yuro 1,091 kwa mwezi, yaani 13,092 kwa miezi kumi na miwili. Njia ya kawaida ni kuziweka zote katika akaunti iliyofungwa, ambayo mwenyewe anaruhusiwa kuchota sehemu ya mwezi tu. Ada ya viza ni yuro 75, ndogo ukilinganisha, lakini ubalozi uko Kinshasa, na kwa mtu wa Lubumbashi Kinshasa ni tiketi ya ndege na mahali pa kulala. Parsele ya dada, kwa bei aliyotajiwa, haifikishi kiasi hicho. Kinachopungua kingetoka kwenye likelemba yake ya soko, ule mchango wa kupokezana, na kwa mimi.

Wapo wanaosema serikali ya Ujerumani inakula pesa za maskini. Si kweli. Pesa ya akaunti ile ni ya mwombaji, na akipata kazi mwezi wa nne kilichobaki ni chake. Lakini asipopata, atakuwa ameila ardhi ya baba yake kwa mkate na kodi ya chumba, mwezi baada ya mwezi, kihalali kabisa.

Hata hivyo kijana ana hoja nzito, na ningemkosea kama ningezipitia juu juu. Miaka yake minne ya kazi aliifanya katika kampuni ndogo zinazopewa kazi na migodi, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Sheria ya mwaka 2017 inayowatengea Wakongo ukandarasi mdogo ilileta kampuni nyingi za wenyeji, na ni jambo jema, ila kampuni ndogo inaishi kwa oda. Serikali iliposimamisha uuzaji wa kobalti nje Februari 2025, kisha ikaleta mgao wa tani kwa kila kampuni kuanzia Oktoba, yeye alikuwa miongoni mwa walioambiwa wasubiri kuitwa. Kongo inatoa sehemu kubwa ya kobalti yote ya dunia, na fundi anayejua kutengeneza mota za pampu za mgodini amekaa nyumbani Katuba akitengeneza feni za majirani. Kumwambia avumilie, nani ana uso huo?

Tena kadi hii inatatua tatizo la kweli. Mwajiri wa Ujerumani anasita kumwajiri mtu ambaye hajawahi kumwona, mwenye cheti cha taasisi asiyoijua. Ukiwa pale unabisha hodi mwenyewe. Unaruhusiwa kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki, na kufanya majaribio ya hadi wiki mbili kwa mwajiri mmoja, aone mikono yako inajua nini. Ukipata kazi inayofaa unabadilisha kibali hapo hapo bila kurudi Lubumbashi. Kwa fundi, ambaye ujuzi wake unaonekana zaidi akishika vifaa kuliko akijieleza kwenye simu, hilo lina thamani.

Swali ni kazi gani inafaa. Saa zile 20 anaweza kuosha vyombo hotelini, na kadi inamruhusu; lakini kuosha vyombo hakuzai kibali cha kubaki. Kama cheti hakijalinganishwa kikamilifu, mojawapo ya njia za kubaki ni kazi ya ujuzi yenye mshahara usiopungua yuro 43,470 kwa mwaka, kwa kiwango cha 2025, isipokuwa mwajiri anafuata makubaliano ya pamoja ya mishahara. Mgeni mwenye Kijerumani cha B1, katika mwaka mmoja, afikie hapo. Inawezekana. Lakini anayeuza ardhi anapaswa kuijua namba hiyo kabla ya kuijua bei ya tiketi.

Kuna na mke. Ana mke na mtoto wa miaka miwili, na kadi hii kwa kawaida haimruhusu kuwaita. Katika mazungumzo yote mezani pale, mke wake alisema sentensi moja tu: "Mwaka mmoja nitahesabu, wa pili sijui." Sikuona mtu mwingine akiliandika hilo kwenye karatasi ya hesabu, nikaliandika mimi.

Nikifikiri juu ya haya narudi kwenye historia ya mji wetu. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, na imejengwa na watafuta kazi. Union Minière, kampuni ya madini ya wakoloni Wabelgiji, ilileta watu kutoka Kasai, kutoka Rwanda, kutoka ng'ambo ya mpaka ambako leo ni Zambia, na Kiswahili tunachosema kimekomaa katika makambi ya wafanyakazi hao. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Sitaki kuusifu ukoloni: wengi waliandikishwa kwa kulazimishwa, na wengi walikufa. Lakini aliyehitaji mikono ndiye aliyelipa treni. Leo Ujerumani, nchi inayozeeka na inayosema waziwazi kwamba mafundi wake hawatoshi, inamwachia mtafutaji gharama yote ya kutafuta, na gharama hiyo inaangukia kwenye kabati la mama mjane. Hapo ndipo ninapoilaumu kadi hii, ingawa naona nia yake ni njema.

Ndiyo maana nilimwonyesha mlango wa pili ambao hausemwi sana. Mwenye digrii inayotambuliwa nchini mwake na uzoefu wa miaka miwili anaweza kuomba viza ya kazi moja kwa moja kutoka hapa, akiwa na mkataba wenye mshahara ule niliotaja, na huyo haombwi akaunti iliyofungwa. Masharti ya kazi ni yale yale atakayokutana nayo akiwa kule kwa kadi. Tofauti ni kwamba atatafuta akiwa nyumbani, kwa intaneti ya kununua na kwa barua nyingi zisizojibiwa. Ni njia ya polepole, na ninakiri wanaofaulu kwayo ni wenye subira na bahati. Lakini asipofaulu, kilichopotea ni jioni zake.

Njia zote mbili zinataka vitu viwili ambavyo haviuzwi pamoja na parsele. Cha kwanza ni Kijerumani: kwa kadi kinaleta alama, na kwa viza ya kazi ni mwajiri atakayekitaka. Cha pili ni uthibitisho wa kazi, na hapa ndipo niliposhtuka. Aliniletea barua tatu. Ya kwanza ni safi. Ya pili inasema "alifanya kazi kwetu" bila tarehe ya kuanza wala ya kumaliza. Ya tatu haina muhuri, na kampuni yenyewe imefunga ofisi. Kwa karatasi, miaka yake minne ni mwaka mmoja na miezi mitano. Alama mbili za uzoefu zinayeyuka, na nafasi ya viza ya kazi inayeyuka nazo. Wale mawakala wa mjini wanaoahidi kushughulikia kila kitu kwa dola elfu mbili hawakumuuliza habari za barua hizo hata mara moja.

Kwa hiyo jibu langu kwa dada lilikuwa hili: nakubali aende, sikubali parsele iuzwe mwaka huu. Yeye aliona nimekwepa. Kijana aliona nimemnyima, akanikumbusha kwamba alama za umri zinapungua mtu akizidi miaka 35, na kwamba uzoefu unaohesabiwa ni wa miaka mitano ya mwisho, hivyo kila mwezi wa kukaa bila kazi unamla. Ana haki. Umri unamwachia nafasi, uzoefu haumwachii. Ndiyo sababu nimekubali kulipia masomo ya Kijerumani hadi B1 na mtihani wake, na akipata kazi ya fani yake hata ya Likasi kwa mshahara mdogo, aichukue kwa sharti la kuandikiwa mkataba wenye tarehe. Akifika B1 na barua zikiwa kamili, tutakaa tena mezani, na mke wake akiwa wa kwanza kusema.

Wiki iliyopita kijana alimfuata hadi Ruashi aliyekuwa mkuu wake katika ile kampuni iliyofunga. Mzee alikuwa bado na daftari la mahudhurio, na muhuri katika mfuko wa plastiki. Aliandika barua upya kwa mkono, tarehe zote zimo, akamwomba radhi kwa kuchelewa. Dada ameiweka barua hiyo ndani ya bahasha ile ile ya kaki, juu ya karatasi za parsele.