Walimu tuingie katika madarasa ya wenzetu

Nafundisha Hisabati katika shule ya msingi ya serikali hapa Arusha, na kwa miaka kumi na minne nimehudhuria semina za kutosha kujaza kabati kwa mikoba ya kitambaa na kalamu zenye nembo. Sisemi kwamba hazikunifaa. Ila nikijiuliza ni lini hasa nilibadilisha namna yangu ya kufundisha, jibu siliokoti katika ukumbi wowote wa semina. Liko darasa la tano, mkondo B, siku ambayo mwenzangu alisimama ubaoni nami nikakaa dawati la mwisho, magoti yamenibana.

Alikuwa akifundisha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Alieleza vizuri, akatoa mifano mitatu, na watoto wakaitikia kwa pamoja kama tulivyowazoesha. Ningekuwa mimi mbele pale, ningefuta ubao nikiwa nimeridhika. Lakini kijana aliyekaa kando yangu, ambaye alikuwa ameitikia kwa sauti kuliko wote, aliandika daftarini kwamba nusu kujumlisha theluthi ni mbili ya tano. Alikuwa amejumlisha kiasi na kiasi, asili na asili, kisha akapiga mstari safi chini ya jibu. Nikamnong'oneza achore chapati mbili na kuzigawa, moja nusu kwa nusu, nyingine theluthi. Ile ya pili aliikata kwa mistari miwili iliyosimama wima, vipande vya pembeni vikawa vyembamba na cha katikati kikawa kipana mara mbili. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kujumlisha hakukuwa na hatia. Mtoto huyu hakujua kwamba theluthi ni lazima zilingane. Na darasa la nne alikuwa amefundishwa sehemu na mimi.

Wakati wa chai tulikaa watatu, tukaliandika upya andalio la somo. Kesho yake mkondo A ulianza kwa kukunja vipande virefu vya karatasi, maana karatasi ndefu haimdanganyi mtoto kama duara, na kabla ya kanuni yoyote kuandikwa ubaoni wanafunzi waliulizwa: mbili ya tano na nusu, ipi kubwa? Darasa likanyamaza, kisha wakaanza kubishana wenyewe jinsi jumla inavyoweza kuwa ndogo kuliko nusu waliyoanza nayo.

Jambo hili si jipya. Walimu wa Japani wamelifanya kwa zaidi ya miaka mia moja: hupanga somo pamoja, mmoja hulifundisha, wengine huwatazama wanafunzi, kisha hukaa kulijadili. Zambia walilianzisha mwaka 2005 katika Mkoa wa Kati, kwa ushirikiano na Wajapani hao hao, kisha likasambaa mikoa mingine. Nasi tunao MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, unaoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambao unawataka walimu wakutane katika jumuiya za kujifunza shuleni mwao na katika makundi ya shule jirani. Kwa maandishi, sina la kuupunguza wala kuuongeza. Hofu yangu ni kile kinachotokea unapofika ofisi ya walimu siku ya mtihani wa wiki, kukiwa na madaftari mia mbili mezani. Mkutano unafanyika kwa dakika ishirini, mada inasomwa, mahudhurio yanasainiwa, muhtasari unaingia kwenye faili ili mgeni akija aukute. Nimeandika mihtasari ya namna hiyo kwa mkono wangu mwenyewe, na miandiko yangu ni mizuri.

Tatizo lingine ni woga, na huu hauondoki kwa waraka. Tumekulia katika utumishi ambao mtu akiingia darasani na daftari mkononi, amekuja kutafuta kosa. Wakaguzi wa shule siku hizi wanaitwa wathibiti ubora, na wengi wao wanajitahidi kweli kuwa washauri, lakini mwili wa mwalimu unakumbuka: ukiona kivuli mlangoni unanyoosha shati na kuwauliza wale wanafunzi watano unaojua watajibu. Ndiyo maana naona anayepaswa kutazamwa kwanza ni mwalimu mkuu au mwalimu wa taaluma. Akikosea kipindi mbele ya walimu wake, na baadaye wakakaa naye kuzungumza alichoandika mtoto wa dawati la tatu, shule nzima itakuwa imepata ruhusa ya kukosea.

Najua jibu nitakalopewa: muda hatuna. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 madarasa yamefurika, na mwalimu anayekwenda kumtazama mwenzake anaacha watoto themanini bila mtu. Ni kweli. Kwetu tulilipia gharama hiyo kwa kuunganisha mikondo miwili chini ya mwalimu mmoja, watoto wakaimba na kusoma hadithi, kipindi kimoja tu kila baada ya wiki mbili. Kwa shule yenye mwalimu mmoja tu wa Hisabati, mathalani huko Longido, kundi la shule jirani ndilo pekee linaloweza kumsaidia, na nauli ya kulifikia isitoke mfukoni mwake. Pale safari isipowezekana, vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu vinaweza kurekodi dakika kumi za somo, mradi kamera iwaelekee wanafunzi.

Muhula ujao nimeomba kipindi cha mwisho cha Jumatano kiandikwe kwenye ratiba kwa kazi hii, na ndani ya faili, badala ya muhtasari, tuweke andalio la somo lenye masahihisho ya kalamu nyekundu pamoja na ukurasa mmoja wa daftari la mwanafunzi. Mwalimu wa taaluma amekubali. Kipindi cha kwanza kutazamwa ni changu, sehemu, darasa la nne.