Baiskeli ni ya baba

Filamu za wavumbuzi zina ugonjwa wao. Mvumbuzi anakuwa na akili nyingi tangu dakika ya kwanza, na wengine wote wamepangwa pembeni, ama wamshangae ama wampinge. Mke analia mlangoni, jirani anacheka, halafu kitu kinawaka na jirani anaona haya. Ukishaona mbili, ya tatu unaweza kuisimulia kabla hujanunua tiketi.

Ndiyo maana The Boy Who Harnessed the Wind ilinishika pabaya. Ilitoka mwaka 2019, na nimeshairudia mara nne. Wengi wanaisifu kwa ajili ya Maxwell Simba, kijana wa Kenya aliyemwigiza William Kamkwamba, mvumbuzi wa kweli wa Malawi, na hawajakosea. Ila kwangu mimi filamu hii imebebwa mgongoni na baba.

Kwa ambaye hajaiona: tuko kijiji cha Wimbe, wilaya ya Kasungu, Malawi, mwaka 2001 kuingia 2002, njaa inauma. William yuko karibu miaka 14, amefukuzwa shule kwa sababu ya ada. Anamtega mwalimu wake (mwalimu ana siri na dada yake William, na kijana anaijua) hadi anapata nafasi ya kuingia maktaba. Huko anakutana na kitabu cha sayansi, na wazo la kinu cha upepo cha kuzalisha umeme linaingia kichwani. Vyuma anaokota jalalani. Kinachokosekana ni baiskeli ya kukatwa itoe vipuri vya kinu, na pale nyumbani iko moja tu.

Chiwetel Ejiofor ndiye aliyeongoza filamu, ikiwa filamu ndefu ya kwanza kwake kuongoza, na akajipa mwenyewe uhusika wa Trywell, baba yake William. Mwongozaji akijipangia nafasi, mara nyingi hujipa ya kupendeza. Yeye amejipa ya mtu anayevunja kifaa cha mwanawe. William anakuja na rafiki zake kuomba baiskeli, baba anakataa, anakiharibu kile kinu kidogo cha majaribio, anamrudisha mtoto shambani akalime udongo mkavu. Hapo waigizaji wengi wangepiga kelele tu. Ejiofor anakasirika kama mtu aliyeaibishwa, tena mbele ya watoto wa watu. Ameshashindwa kulipa ada. Ameshaibiwa akiba ya mahindi. Sasa mwanawe anataka kukata kitu cha mwisho chenye thamani, kwa sababu ya picha ya kitabuni! Nilijikuta niko upande wake, na nilikuwa najua kabisa mwisho wa hadithi.

Nimekulia pwani ya Ziwa Nyasa, upande wa Mbamba Bay, kwa hiyo baiskeli ya baba naielewa. Babu yangu alikuwa na Phoenix yenye dainamo, ile chupa ndogo ya kuzalisha umeme inayofungwa kwenye uma wa mbele. Ukiisukuma inalalia tairi, taa inawaka, na papo hapo pedali zinakuwa nzito kama unapanda mlima. Sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuishika. Ilibeba gunia, ilibeba mgonjwa, ilibeba bibi kwenda kanisani. Mtu akiniambia leo kwamba Trywell alikuwa anazuia maendeleo, namuuliza kama kwao kulikuwa na baiskeli.

Turudi kwa Simba. Hii ilikuwa filamu yake ya kwanza, na jambo alilolifanya vizuri kuliko yote ni kutazama. William anapoiona taa ya baiskeli ya mwalimu, muziki haupigi kelele na yeye haangalii mbali kama nabii. Anaangalia karibu, kichwa kimeinama, kama mtu anayetafuta nati iliyodondoka mchangani. Mafundi wote ninaowafahamu wana jicho hilo. Maneno yake pia ni machache, na hapo amemgusa William mwenyewe. Juni 2007 Kamkwamba alipanda jukwaani Arusha, kwenye mkutano wa TED, ule wa hotuba fupi, akiwa na miaka 19. Alikuwa na woga, Kiingereza kinamkwama, anajibu kwa sentensi fupi fupi. Mtu wa namna hiyo angeweza kuandikiwa hotuba ndefu kwenye filamu. Hawakumwandikia, na Simba hakuitafuta.

Kwamba Mkenya amemcheza Mmalawi hakunisumbui. Kilichonisumbua ni mama. Aïssa Maïga, mzaliwa wa Dakar na mwigizaji wa Ufaransa, anayemcheza mama huyo, Agnes, ana uso unaoweza kukaa kimya na bado ukasikia hasira. Lakini filamu inachanganya Kichewa na Kiingereza, na huku kwetu ziwani Kinyanja, lugha ile ile kwa jina jingine, si mgeni sikioni. Hata asiyekijua atavikamata vichwa vya sura za filamu: Njala, Mphepo. Sasa kila Agnes anaposema Kichewa nasikia mtu aliyekariri, tena kwa bidii. Halafu anaingia Lily Banda, Mmalawi, kama Annie, dada yake William, na maneno yanateleza tu. Anapoondoka usiku na yule mwalimu ili nyumbani lipungue tumbo moja, hahitaji kufanya lolote la ziada. Huyo mmoja anatosha kukuonyesha ladha tuliyoikosa kwingine. Naelewa majina makubwa ndiyo yanayoleta hela za kutengeneza filamu. Sikio langu halielewi.

Joseph Marcell kama chifu alinigharimu dakika kumi. Waliokua na runinga miaka ya tisini wanamkumbuka kama Geoffrey, yule mtumishi wa nyumba katika tamthilia ya The Fresh Prince of Bel-Air, na nilikuwa nasubiri atoe kejeli. Alipopigwa na watu wa rais hadharani, Geoffrey akatoka kichwani mwangu moja kwa moja. Noma Dumezweni, mkutubi, amepewa nafasi ndogo, lakini anamtazama yule mtoto kama mtu mwenye jambo la maana la kufanya. Inatosha.

Nina ugomvi mmoja wa mwisho, nao ni wa hadithi zaidi kuliko waigizaji, ingawa waigizaji ndio walioumia. Kinu cha kwanza cha Kamkwamba hakikuvuta maji. Kiliwasha taa nyumbani kwao na kupiga redio. Pampu ilikuja baadaye. Filamu imekunja miaka hiyo ikawa siku moja: kinu kinazunguka, maji yanatoka, kijiji kinashangilia. Kushangilia kila mwigizaji anaweza. Fikiria Ejiofor na Maïga wamekaa ndani usiku, taa moja ya gari imefungwa kwa waya, inafifia na kukolea kadiri upepo unavyobadilika, na baba anaiangalia akijua ile ni baiskeli yake. Sura zile mbili zingetupa nini hapo! Tumenyimwa.

Mara ya mwisho niliitazama na mjomba, fundi baiskeli kwa miaka thelathini na ushee. Alikaa kimya muda wote, isipokuwa mara moja alipolalamika kwamba mtoto anashika spana vibaya. Baiskeli ilipoanza kufunguliwa, akainuka kitini.

"Na tairi la mbele pia?"

"Tulia, mjomba, utaona."

Akasimama hivyo hivyo, mikono kiunoni, mpaka kinu kilipozunguka. Kisha akaketi. "Huyu mzee ana moyo," akasema. "Mimi ningemfukuza nyumbani."