Kongo na Rwanda: kijana aitwe mezani, lakini meza ipi?

Mtoto aliyezaliwa katika kambi ya Kiziba, magharibi mwa Rwanda, ilipofunguliwa mwaka 1996, sasa ni mtu mzima wa miaka karibu 30. Wazazi wake walikimbia Kivu, mashariki mwa Kongo. Yeye Kivu anaijua kwa masimulizi tu. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda, Thérèse Kayikwamba Wagner na Olivier Nduhungirehe, walitia saini mkataba wa amani mjini Washington, na ndani yake mna kipengele kinachomgusa huyu: wakimbizi warejee makwao. Warejee katika shamba lipi, ambalo leo analilima nani? Usiku wa kwanza watalindwa na nani? Mambo hayo yamezungumzwa na watu ambao hawatalala huko. Ndiyo maana linaulizwa swali kama vijana wa nchi hizi mbili nao waitwe kwenye mazungumzo ya amani.

Desemba 2015 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2250, likizitaka nchi ziwape vijana nafasi katika kutafuta amani, mazungumzo yakiwemo. Tangu hapo, kuhusu Kongo na Rwanda, tumepita mazungumzo ya Nairobi, Luanda, mkutano wa pamoja wa EAC na SADC Dar es Salaam wa tarehe 8 Februari 2025, kisha Doha na Washington. Sura tunazoziona ni zilezile: marais, mawaziri, wakuu wa ujasusi, na marais wastaafu kama Uhuru Kenyatta na Olusegun Obasanjo wakiwa wasuluhishi.

Wanaosema vijana wakae nje wana hoja, na si vizuri kuzipuuza. Kiini cha mzozo huu ni cha kijeshi. Kigali inataka FDLR, kundi la waasi wa Kihutu kutoka Rwanda walioko Kongo, limalizwe. Kinshasa inataka majeshi ya Rwanda yaondoke katika ardhi yake. Kikao cha marais kilichopangwa kufanyika Luanda tarehe 15 Desemba 2024 kilivunjika kwa sababu pande hizo hazikukubaliana kama Kinshasa ikae moja kwa moja na M23, kundi la waasi ambalo Kinshasa inasema linasaidiwa na Rwanda. Sioni kijana gani angelifungua fundo hilo. Tena, tarehe 4 Desemba 2025 marais Tshisekedi wa Kongo na Kagame wa Rwanda walithibitisha mkataba wao Washington, na wiki haijaisha mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, ukawa mikononi mwa M23. Kilichokosekana pale hakikuwa kiti cha vijana. Ilikosekana adhabu ya kumwogopesha anayekiuka alichokisaini.

Hoja ya pili inanisumbua zaidi: nani atamteua huyo kijana? Mkataba wa Vijana wa Afrika unamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Humo yumo mchimbaji wa madini ya koltani wa Rubaya, mashariki mwa Kongo, na humo humo yumo kiongozi wa umoja wa vijana wa chama tawala mwenye suti na tiketi ya ndege. Tunajua nani atapigiwa simu. Atasoma karatasi aliyoandikiwa, atapigwa picha, atachukua posho, na serikali yake itatangaza kwamba vijana wameshirikishwa. Kiti cha namna hiyo ni heri kibaki kitupu.

Wengine huongeza kwamba vijana ndio wanaopigana, ndani ya M23 na ndani ya Wazalendo, wanamgambo wanaopigana upande wa serikali ya Kongo, na ndio wanaotukanana mitandaoni kwa kabila na kwa pua. Ni kweli. Ila hoja hiyo naiona inageuka kumshtaki anayeitoa: kama silaha ziko mikononi mwao, amani isiyowafikia itashikwa na nani?

Twende Petite Barrière, mpaka wa Goma na Gisenyi. Asubuhi foleni ni ya mabeseni ya nyanya, mboga na maziwa. Wapo walemavu wanaosukumiwa mizigo juu ya baiskeli za magurudumu matatu. Bei hupatanwa kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Juni 2022 askari wa Kongo alivuka akifyatua risasi, akauawa, na baada ya hapo upande wa Kongo ukaanza kuufunga mpaka huo ifikapo saa tisa alasiri. Kwa waziri hiyo ni hatua ya usalama. Kwa binti mwenye maziwa ni mzigo uliolala, mtaji ulioganda, na deni la mwenye ng'ombe asubuhi. Binti huyu anajua uhasama wa nchi mbili unavyoingia jikoni, na anajua pia nani wa upande wa pili bado anamkopesha bila maandishi. Ujuzi huo hauko katika faili la ujasusi.

Wapo waliowahi kulipitia suala hili. Katika mazungumzo ya Burundi pale Arusha, wanawake walipigania kiti wakanyimwa, wakaruhusiwa kusikiliza tu. Julai 2000 walifanya mkutano wao wenyewe, na mapendekezo yao mengi yakaingia katika mkataba uliosainiwa tarehe 28 Agosti mwaka huo. Yalikuwa mazungumzo ya ndani ya nchi moja, nakubali. Hata hivyo walifika na madai yaliyoandikwa, waliyokubaliana wenyewe kuvuka vyama vyao.

Kwa hiyo suala la FDLR na majeshi waachiwe wanajeshi. Lakini mkataba wa Washington umeunda kamati ya pamoja ya usimamizi, na unazungumzia biashara, madini na wakimbizi. Hapo ndipo kijana wa Rubaya, wa Kiziba na wa Gisenyi ana la kusema kuliko mjumbe yeyote aliyepo. Wachaguliwe na wenzao, na wa nchi mbili wafike pamoja na waraka mmoja, ili asiwepo wa kutumwa kuisemea ikulu.

Linabaki jambo ambalo sijapata jibu lake. Kundi la LUCHA, la vijana wanaodai mabadiliko bila silaha, lililozaliwa Goma mwaka 2012, wanachama wake waliwahi kufungwa na serikali ya Kinshasa yenyewe, muda mrefu kabla M23 haijauteka mji huo Januari 2025. Kijana wa Goma akieleza mbele ya kamati alichokiona mtaani kwake, jioni anarudi mtaa huohuo, na wenye bunduki wamekwisha kulisikia jina lake.