Mficha maradhi ana sababu zake

"Mficha maradhi kifo humuumbua." Methali hii huwa tunamsutia mgonjwa. Sijasikia mtu akiuliza huyo mgonjwa anamficha nani.

Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya kliniki, mbele yangu kijana. Mhudumu, macho daftarini, akamuuliza kwa sauti ya mnadani: "Unasumbuliwa na nini?" Kijana akageuka, akatukuta tumetega masikio (hata mimi, sikatai). Akasema anatoka kidogo kupiga simu. Hakurudi. Kama alikuwa na ugonjwa wa kuambukiza, basi alirudi nao mtaani.

Ndiyo maana hoja kwamba wakati wa mlipuko siri ya mgonjwa iwekwe kando hainiingii akilini. Mwanzoni mwa 2020, wakati wa UVIKO-19, simu za watu Korea Kusini zilikuwa zikilia kwa ujumbe wa tahadhari: mgonjwa ni mwanamume, umri wake kadhaa, saa fulani alikula mahali fulani. Jina halikuwemo, lakini kwa maelezo hayo jirani anahitaji jina la nini? Mei mwaka huo maambukizi yakazuka katika vilabu vya usiku vya Itaewon, jijini Seoul, na magazeti yakadokeza kwamba baadhi yake ni vya wapenzi wa jinsia moja. Wengi waliokwenda huko wakajichimbia, wasipokee hata simu za maofisa wa afya. Jiji likaamua watu wapimwe bila kutaja majina, namba ya simu tu inatosha. Wakaanza kujitokeza.

Sisemi siri haina mpaka. Mary Mallon, mpishi wa New York, alikuwa na vijidudu vya homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuugua. Alitengwa kisiwani mwaka 1907, akaachiwa 1910 kwa ahadi kwamba hatapika tena. Mwaka 1915 akakutwa jikoni katika hospitali ya wazazi, kwa jina la bandia, watu 25 wameambukizwa na wawili kati yao wamekufa. Ningekuwa na mke katika wodi ile, nisingetaka kusikia habari za faragha. Ila kuna jambo watu hulipita haraka: kazi ya kufua aliyopewa badala ya upishi ilikuwa na ujira mdogo zaidi. Jina lake lilikwisha kuchafuka magazetini, na tumbo lilidai chakula. Alirudishwa kisiwani, akakaa huko hadi alipokufa mwaka 1938.

Kwangu mimi, aliye hatarini aambiwe hatari iliyomfika. Anayelala chumba kimoja na mwenye kifua kikuu aitwe, apimwe. Mwajiri, mwenye nyumba na jirani hawamo humo.

Halafu kuna suala la taarifa zenyewe zinaishia wapi. Singapore iliwaambia wananchi kwamba programu ya TraceTogether ni ya kufuatilia maambukizi tu. Januari 2021 bunge likaelezwa kuwa polisi nao wanaweza kuzichukua taarifa hizo. Mwezi uliofuata ikatungwa sheria ya kuwabana, wazitumie kwa makosa mazito tu, lakini watu walikuwa wamekwisha kuipakua kwa ahadi ile ya kwanza. Mimi nikiombwa kupakua programu ya namna hiyo kesho, nitauliza kwanza tarehe ya kufutwa kwa taarifa zangu, na nitataka kuiona imeandikwa ndani ya sheria.