Vijana hawataki bendi? Si kweli

Kuna mwandishi anasema vijana wa Dar hawataki tena bendi za dansi, msanii akiimba juu ya CD yake inatosha. Mimi nakataa. Jumamosi nilikuwa kwenye tamasha la ufukweni, joto la kufa mtu, fulana imeganda mgongoni. Bendi ilipoingia kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo inayokwenda kasi ya kucheza, mpiga tumba kaachwa peke yake huku tarumbeta zikimjibu, vijana walewale waliokuwa wananicheka (“mzee, huo muziki wa baba zetu”) ndio waliokwenda kumtunza mpiga gitaa la solo, noti ya elfu mbili kwenye paji la uso. Bendi ya Msondo wapo tangu 1964 wakiitwa NUTA Jazz, wenzao Sikinde tangu 1978. Wangedumu kwa kupigia wazee tu? Tatizo waandaaji: bendi nzima inapewa dakika 20, nusu ya muda huo inaishia kwenye kujaribu maiki, “moja mbili, moja mbili”.