Leseni za vinu vidogo vya nyuklia: haraka ipatikane wapi?

Mwaka 2020, kamati huru inayoishauri Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani (NRC) ilipitia hesabu za kinu kidogo cha kampuni ya NuScale na kukwama kwenye jambo moja. Maji ya kinu hicho hutiwa boroni, ambayo hufyonza nyutroni na kuutuliza mmenyuko wa nyuklia. Kinu kikizimwa kwa dharura na kuachwa kijipoze chenyewe, maji huchemka, mvuke hupanda, hugusa chuma baridi na kurudi kuwa maji. Boroni haipandi na mvuke huo. Maji yanayorudi chini yanakuwa na boroni haba, na yakiingia kwa wingi kwenye kiini, sehemu yenye mafuta ya nyuklia, mmenyuko unaweza kuamka tena wakati wahudumu wote wanaamini kinu kimelala. Wasanifu walirudi kwenye michoro yao na kuongeza matundu ya kuchanganya maji.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mjadala wa leseni za vinu vidogo umegeuka kuwa mjadala wa kalenda. Wanaovitaka wanauliza kwa nini kibali kichukue miaka. Wanaoviogopa wanaona miaka hiyo ndiyo ulinzi wenyewe.

Kwa kipimo cha Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA), kinu kidogo ni kile kisichozidi megawati 300 za umeme, wakati vinu vikubwa vya sasa huvuka 1,000. Sehemu zake zinakusudiwa kutengenezwa kiwandani na kuunganishwa mahali pa kazi. Urusi imekuwa ikiendesha viwili vya megawati 35 kila kimoja juu ya chombo kinachoelea, Akademik Lomonosov, kwenye bandari ya Pevek tangu 2020.

Hoja ya wanaotaka kanuni zilegezwe ina mizizi katika fizikia. Kinu chochote kikishazimwa hubaki na joto la masalio, mwanzoni takriban asilimia 6 ya joto lake la kawaida, na joto hilo lisipoondolewa kiini huyeyuka. Katika kinu kidogo joto hilo ni dogo pia, kiasi kwamba mzunguko wa maji unaosukumwa na uzito wake tu unaweza kulitoa bila pampu wala umeme. Sasa, kanuni nyingi ziliandikwa kwa vinu vinavyotegemea pampu na jenereta za akiba. Kumlazimisha msanifu aweke jenereta ya kiwango cha juu cha usalama kwenye kinu kisichohitaji umeme ili kipoe ni kulinda maandishi badala ya watu. NRC yenyewe ilikubali hoja hiyo kwa NuScale. Kanuni iliyotolewa 2023 inaruhusu pia eneo la mipango ya dharura lipimwe kwa hatari halisi ya kinu, hata liishie kwenye uzio wake, badala ya takriban kilomita 16 zilizozoeleka kwa vinu vikubwa. Kulegeza kwa namna hiyo nakuunga mkono, mradi anayeomba athibitishe kwa majaribio.

Tatizo linaanza udogo unapohesabiwa kuwa usalama wenyewe. Vinu hivi havikusudiwi kukaa kimoja kimoja. Mpango wa awali wa NuScale ulikuwa na vinu 12 ndani ya jengo moja, vikiendeshwa kutoka chumba kimoja cha udhibiti. Fukushima, mwaka 2011, ilionyesha maana ya ujirani wa aina hiyo: viini vitatu viliyeyuka, milipuko ya hidrojeni ikawazuia wafanyakazi kuvifikia vinu vya jirani, na jengo la kinu namba 4, ambacho hakikuwa na mafuta ya nyuklia kwenye kiini siku ile, lililipuka kwa hidrojeni iliyotoka namba 3. Anayekadiria hatari kwa kuchukua kinu kimoja na kukigawanya kwa ukubwa wake hajalikadiria jengo zima.

Kiwanda nacho kina pande mbili. Kutengeneza kitu kilekile mara 50 huleta ustadi, na mkaguzi hujua pa kuangalia. Lakini kasoro ikiingia kwenye mchoro au kwenye chuma, inaingia mara 50. Ufaransa, nchi iliyosifiwa kwa kujenga vinu vinavyofanana, iliyaona hayo. Baada ya nyufa za kutu kugunduliwa mwishoni mwa 2021 kwenye mabomba ya usalama huko Civaux, vinu vingi vilisimamishwa ili vikaguliwe, na umeme wa nyuklia wa 2022 ukashuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya miaka 30. Kabla ya hapo, mwaka 2016, kiwanda cha Le Creusot kilibainika kuwa na kumbukumbu zenye dosari za ukaguzi wa vipande vya vinu. Ndiyo maana naona mkaguzi ahamie kiwandani, akae huko, na awe na mamlaka ya kusimamisha mstari mzima wa uzalishaji.

Turudi kwenye kalenda. Maombi ya kwanza ya NuScale yaliwasilishwa mwisho wa 2016. Tathmini ya usalama ilikamilika Agosti 2020 na uthibitisho rasmi ukatoka Januari 2023. Toleo lililoboreshwa la megawati 77 lilipitiwa kwa chini ya miaka miwili, likaidhinishwa Mei 2025. Hapo ndipo haraka ya halali ilipo: mara ya pili, juu ya kazi iliyokwisha kufanywa na maswali kama lile la boroni yakiwa yameshaulizwa. Amri ya rais wa Marekani ya Mei 2025 imeweka ukomo wa miezi 18 kwa uamuzi juu ya vinu vipya. Kwa usanifu unaojulikana, muda huo unaweza kutosha. Kwa usanifu unaopozwa kwa chumvi iliyoyeyuka au sodiamu badala ya maji, ambao wakaguzi wengi hawajawahi kuushika, ukomo wa namna hiyo unamsukuma mdhibiti kuamua kabla hajaelewa. Januari 2022 NRC ilikataa maombi ya kampuni ya Oklo kwa sababu taarifa za usalama hazikutosha. Mdhibiti lazima aendelee kuwa na uwezo huo wa kukataa.

Wala si kweli kwamba leseni ndiyo inayoua miradi. Mradi wa NuScale kwa miji ya Utah na majirani zake ulifutwa Novemba 2023, usanifu wake wa awali ukiwa umeshathibitishwa. Makadirio ya gharama yalikuwa yamepanda kutoka dola bilioni 5.3 hadi 9.3, na wanunuzi wakapungua.

Limebaki suala la nchi zitakazonunua. Aprili 2025 mdhibiti wa Kanada alitoa leseni ya kujenga kinu kidogo kiitwacho BWRX-300 huko Darlington, na usanifu huohuo umewasilishwa Marekani kwa ajili ya Clinch River, Tennessee. Kugawana tathmini kati ya wadhibiti ni busara, maana hakuna haja ya nchi 10 kurudia hesabu moja. Ila tathmini ya Kanada haijui tetemeko la ardhi, mafuriko wala barabara za kuokolea watu za mahali pengine, na ajali ikitokea atakayewajibika ni mdhibiti wa mahali hapo. Huyo anahitaji wahandisi wake wanaoweza kusoma hesabu na kuzipinga, pamoja na haki ya kuingia kiwanda kilicho nchi ya mbali na kukikataa chungu cha kinu, yaani chombo cha chuma kinachobeba kiini, kabla hakijapakiwa melini. Haki hiyo inapaswa kuandikwa kwenye mkataba wa ununuzi kabla bei haijajadiliwa.